Kujaza bohari au kufungua njia ya pili: jibu kwa muuza jumla wa Wete

Swali: Assalamu alaikum. Nina duka la jumla Wete, Pemba, huu mwaka wa 14. Nauza wastani wa polo 30 za mchele kwa siku, polo yaani gunia la kilo 50, kwa maduka madogo ya Wete, Konde na Micheweni. Mchele wote nanunua kwa muagizaji mmoja wa mjini Unguja. Siku za kawaida nikipiga simu leo, mzigo uko bohari siku ya sita. Mwaka 2023, baada ya India kufunga mchele wake usiende nje, nilipiga simu na mzigo ukanifikia siku ya 25. Nilikuwa na mchele wa siku sita tu. Siku 19 bohari lilikuwa tupu, na baadhi ya wateja wakadhani nimeuficha. Sasa kaka yangu anashauri tuchukue fedha benki tulijaze bohari lote, linaingia polo 1,200, ili dunia ikichafuka tena isitukute mikono mitupu. Mimi moyo hauniridhii, kwanza kwa hesabu, pili naogopa isije ikawa ihtikari, kuhodhi chakula cha watu. Na jengine: mimi siuzi mchele wa India, nauza mapembe, mchele wa nchi nyengine za Asia. India ikifunga, kwa nini nikose mimi?

Jibu: Wa alaikumu ssalaam, ndugu yangu. Usichukue fedha za kujaza polo 1,200. Akiba inayokutosha wewe haifiki nusu ya hiyo, kwa sharti moja: uwe na njia ya pili ya kupatia mchele, na uwe unaipita sasa hivi, kukiwa shwari. Hesabu nitakufanyia, lakini niruhusu nianze na swali lako la mwisho. Asiyejua mchele ulikwama wapi mwaka ule atajenga ukuta upande ambao mwizi hakupita.

Mchele ni nafaka inayolimwa kwa wingi sana, ila wanaoulima ndio haohao wanaoula. Katika kila magunia kumi yanayopatikana duniani, ni moja tu hivi linalovuka mpaka kwenda kuuzwa nchi nyengine. Ngano ni kama robo nzima. Kwa hiyo soko la mchele la dunia ni kisima kidogo kinachotekwa na wengi, na karibu asilimia 40 ya kinachoingia katika kisima hicho hutoka India peke yake. Septemba 2022 India ilizuia chenga kwenda nje. Tarehe 20 Julai 2023 ikazuia mchele mweupe wote usio basmati. Sababu zao zilikuwa za nyumbani kwao: mvua zilikuwa na mashaka, bei za vyakula zinapanda, na uchaguzi unakaribia. Serikali yoyote yenye watu wengi wa kulisha ingetamani kufanya vivyo hivyo.

Sasa yule mnunuzi wa Senegal au Benin aliyezoea mchele wa India hakuacha kupika. Aligeuza uso akaenda Thailand, Vietnam na Pakistan, kulekule muagizaji wako alikokuwa akinunua kwa utulivu. Pakistan yenyewe ilikuwa haijasahau mafuriko makubwa ya 2022. Wanunuzi wakazidi, mzigo ukabaki uleule, na Agosti 2023 kipimo cha bei ya mchele cha FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, kikapanda kuliko wakati wowote katika miaka 15 iliyotangulia. Juu ya hayo, dola zikaadimika Tanzania. Muagizaji aliyekuwa akilipia shehena kwa siku mbili tatu akawa anasubiri zamu benki. Mapembe yako hayakutoka India, lakini yalikuwa kwenye foleni moja na waliofukuzwa India.

Nakumbusha pia kwamba mlango huo ulifunguliwa tena. Mwishoni mwa Septemba 2024 India iliondoa zuio la mchele mweupe, Machi 2025 ikaruhusu na chenga, na bei za dunia zikateremka kwa kasi katika mwaka uliofuata. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa kaka yako. Aliyejaza bohari bei ikiwa kileleni alikuja kuuza kwa hasara huku fedha za benki zinamsubiri. Mwaka 2008 ilikuwa hivyohivyo: tani moja ya mchele wa Thailand ilipita dola 1,000 katikati ya hofu, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imerudi karibu na nusu yake. Bei ya mchele hupanda kwa hofu, na hofu haikai muda mrefu kama deni.

Ukisikia habari za Bahari ya Sham, kama zilivyoanza Novemba 2023 meli ziliposhambuliwa na nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, tazama kwanza unga wa ngano. Ngano nyingi inayosagwa kwetu inatoka nje, na ile ya Urusi na Ukraine inapita Suez. Mchele wa Karachi na Bangkok unakuja moja kwa moja kwenye Bahari ya Hindi, haupiti huko. Nao unaweza kuguswa, kwa sababu meli na makontena yakizungushwa njia ndefu huadimika kwa kila mtu, lakini pigo lake ni dogo na linachelewa. Mfanyabiashara anayejua kipi kinapita wapi hanunui kwa kishindo kila redio inapotaja vita.

Haya sasa turudi kwako, maana siku zako 19 hazikupotea Asia zote.

Nakuomba ufungue daftari la mwaka ule, na kama huna, kaa na muagizaji mkumbuke pamoja. Andika tarehe za mzigo huo kituo kwa kituo: siku aliyosema anao, siku meli yake ilipotia nanga Malindi, bandari ya mjini Unguja, siku iliyofunga gatini, siku mzigo ulipotoka bandarini, siku ulipopata nafasi kwenye chombo cha Pemba, siku uliposhuka, siku ulipoingia bohari. Katika madaftari niliyowahi kuyafungua pamoja na wenye maduka wa Pemba, mara nyingi mchele ulikuwa umeshafika Unguja na mtu bado analala njaa ya biashara Wete. Meli ilikuwa inaonekana kwa macho kutoka Forodhani ikingoja zamu. Au polo zilikuwa zimepangwa mjini, lakini chombo hakina nafasi, na kila muuza jumla wa Pemba anagombania nafasi hiyohiyo wiki hiyohiyo.

Hapo ndipo Pemba inapotofautiana na Unguja, na washauri wengi hawalioni. Mtu wa Mwanakwerekwe ana bahari moja ya kuhofia. Wewe una mbili. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu, na kusi likishika mwezi wa sita na wa saba, vyombo vidogo hukaa ufukweni siku kadhaa mfululizo. Ukikosa mchele msimu huo usimsukume nahodha apakie zaidi ya kiasi ili na zako ziingie. Sote tunaikumbuka Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikija Pemba na mzigo na watu kupita uwezo wake. Katika kila hesabu nitakayokupa hapa chini, nimechukulia kwamba kuna siku chombo hakitoki, na kwamba ni sawa kisitoke.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Watu wengi huuliza, "Niweke mchele wa miezi mingapi?" Swali hilo halina mkono wa kushikia. Uliza hivi: mzigo wangu siku za kawaida unachukua siku ngapi, na siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona ulichukua ngapi? Kwako ni 6 na 25. Tofauti yake ni siku 19, nazo ndizo akiba inazopaswa kuzifunika. Siku 19 kwa polo 30 ni polo 570, yaani tani 28 na nusu. Hiyo ndiyo sakafu, siku za kawaida chini ya hapo usishuke. Juu yake una mchele wa mzunguko wa siku sita, polo 180. Kwa hiyo mzigo ukiingia bohari lina polo 750, na mwengine unapokaribia kuingia lina 570.

Bado ni fedha nyingi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, polo ni shilingi 100,000. Sakafu hiyo ni shilingi milioni 57 zilizolala. Bohari lililojaa polo 1,200 ni milioni 120. Sasa tazama njia ya pili inavyofanya kazi. Ukiwa na mahali pengine panapokuletea polo 10 kwa siku hata Unguja kukiwa kumekwama, pengo lako la kila siku ni polo 20, si 30. Siku 19 mara 20 ni 380. Umepunguza polo 190 kwenye sakafu, milioni 19 zimerudi mkononi, na bado hukosi mchele. Mwambie kaka yako hivi: simu moja ya kila wiki kwa muuzaji wa pili ina thamani ya polo 190, na haiingii fukusi, mdudu wa nafaka.

Njia ya pili ni ipi, basi? Wengi hukimbilia kutafuta muagizaji wa pili mjini. Si vibaya, atakusaidia wa kwanza akikosa dola au akigombana na mteja wake wa nje. Lakini hao wawili wanasubiri gati moja la Malindi na wanapakia vyombo vilevile vya Pemba. Malindi ikisonga, umekosa kwa wote wawili siku moja. Njia ya pili ya kweli ni ile isiyopita mahali pembamba pa njia ya kwanza. Kwa mtu wa Wete, hiyo ni Tanga.

Mchele wa bara, wa Kyela na Mbeya, wa Ifakara, wa Shinyanga, hauna habari na India wala na dola. Unafika Tanga kwa lori, na kutoka hapo kuna vyombo vinavyokuja Mkoani na Wete. Bei yake hushuka bara wanapovuna, katikati ya mwaka, na hupanda kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka mpya. Kwa hiyo hata mapigo yake ya bei hayaendi pamoja na ya Asia. Mvua zikiharibika Mbeya, Thailand inaweza kuwa imevuna vizuri, na kinyume chake.

Ugumu uko kwenye sufuria. Wateja wako wamezoea mapembe, unachukua maji mengi, unavimba, polo moja linalisha watu wengi. Mchele mpya wa bara unataka maji machache, ukipikwa kwa mkono uliozoea mapembe unashikana kama bokoboko, na mama wa nyumba anaurudisha dukani akisema umemuuzia mchele mbovu. Nimeliona hilo mara kadhaa, na kila mara mwenye duka alikuwa ameleta mchele wa bara kwa mara ya kwanza wiki ileile ya dhiki. Jambo la kufanya ni kuuleta sasa. Omba uliokaa ghalani miezi michache tangu kuvunwa, maana mchele ukikaa hukauka na huvimba vizuri zaidi. Pika mwenyewe nyumbani, kibaba kwa kibaba, mpaka ujue maji yake, kisha wafundishe wenye maduka wako maneno mawili ya kuwaambia wateja. Uza polo tano au sita kwa siku mwaka mzima. Yule wa Tanga akikujua kwa polo tano za kila siku na malipo yasiyochelewa, siku ya dhiki atakupa kumi. Asiyekujua atakuweka nyuma ya kila mtu, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Naye muandikiane. Karatasi moja inatosha: aina ya mchele, uzito wa polo, siku za kulipa, na sentensi moja kwamba kukiwa na upungufu utapata si chini ya wastani wako wa miezi mitatu iliyopita. Karatasi kama hiyo muandikiane na muagizaji wako wa Unguja. Yeye muulize pia kila mwisho wa mwezi kitu kimoja: shehena ijayo imeshapakiwa au bado inatafutiwa fedha? Mchele ulio juu ya maji ni wako kwa nusu. Mchele ambao bado unatafutiwa dola ni habari tu.

Sasa nije bohari, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu akiba nyingi Zanzibar huliwa na wadudu kabla ya kuliwa na watu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliitwa kuangalia bohari moja la mchele katikati ya masika. Mwenyewe alikuwa muangalifu, amenunua mapema, amepanga polo zake vizuri mpaka kwenye ukuta ili kusipotee nafasi hata ya mkono. Kwa nje zilikuwa safi. Nilifungua polo la safu ya ndani, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikakuta joto. Joto hasa, kama la mkate uliofunikwa kwa kitambaa. Nilipotoa mkono ulikuwa na unga mweupe, na ndani ya unga huo fukusi wanatembea. Ukuta ulikuwa umelowa kwa nje, unyevu umepita, polo za ndani zimenywa, na wadudu wamezaliana kwa utulivu miezi mitatu. Kadiri walivyozidi, ndivyo pumzi zao zilivyozidisha joto na unyevu. Mpaka leo ninapoingia bohari la mtu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kutia mkono ndani ya polo la katikati.

Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani na kuziba tundu. Humuoni. Katika joto letu, mwezi mmoja hivi unatosha yai kutoka likiwa fukusi kamili, na mmoja hutaga mayai mia kadhaa. Ndiyo maana mchele unaoonekana safi mwezi wa kwanza unaweza kuwa umekwisha mwezi wa tatu. Silaha yako kubwa ni mzunguko: polo lililoingia kwanza litoke kwanza, bila upendeleo. Kwa mpango niliokupa, hakuna polo litakalokaa bohari hata mwezi mzima, na hilo peke yake linakata uzazi wao. Bohari la polo 1,200 la kaka yako, likijazwa mpaka ukutani, halina nafasi ya mzunguko huo, na polo za nyuma zingekaa miezi bila kuguswa.

Polo zisiguse sakafu, ziweke juu ya chaga. Zisiguse ukuta, acha nafasi mtu apite akiwa na taa, pande zote. Ukifanya hivyo utaona kwamba bohari unalosema linaingia 1,200 kumbe halali yake ni kama 850, na hiyo inakutosha kabisa. Milango na madirisha ifungue jua likiwa kali na upepo mkavu, ifunge jioni na siku za mvua. Polo lililolowa baharini, hata kona moja tu, lisiingie na mengine. Lianike, liuze mwanzo.

Unyevu upime. Mchele wa kuwekwa usizidi asilimia 14, na ukipata 13 ni bora zaidi. Huna mashine, tumia chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mchele kama robo yake, ongeza kijiko cha chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa dakika moja, iache kama robo saa, tikisa tena. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mchele umepita asilimia 15, usiupokee kwa kuweka. Chumvi ikirudi chini kavu, upokee. Fanya hivyo mbele ya mleta mzigo kabla makuli hawajashusha, na kwa polo zaidi ya moja.

Na nakusihi, vidonge vya kufukizia wadudu usivitumie mwenyewe. Gesi yake inaua watu, na bohari lako limeungana na nyumba za watu. Kazi hiyo ina wataalamu wake.

Kuna sehemu ya akiba ambayo ningependa isiwe mchele kabisa. Iwe mpunga. Punje iliyo ndani ya ganda lake hukaa muda mrefu kuliko iliyokobolewa, kwa sababu fukusi hupata tabu na ganda na unyevu hauingii haraka. Kisa cha Nabii Yusuf unakijua tangu chuoni: nafaka ya miaka ya neema iliachwa katika mashuke yake, kikatolewa kidogo cha kula. Mimi ninayesoma kisa hicho kwa macho ya kazi yangu naona humo fundisho la ghala lililo sahihi mpaka leo.

Pemba ina mabonde ya mpunga, Mlemele na Makwararani yakiwa miongoni mwa yaliyowekewa miundombinu ya umwagiliaji, na wakulima wengi huuza haraka wakati wa mavuno kwa sababu wana ada za skuli na madeni. Nunua kwao kwa bei inayowatendea haki, mpunga uliokauka, uweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni ndani. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa. Gunia la kilo 100 za mpunga litakupa kilo 60 mpaka 65 za mchele ukikobolewa. Usidhani utalisha Micheweni yote kwa mpunga huo, hauwezi. Lakini ukiwa na uwezo wa kukoboa polo tatu nne kwa siku kwenye mashine ya jirani, una mchele usiohitaji meli yoyote. Hakuna njia fupi zaidi ya hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo, weka pia unga wa sembe, makopa na unga wa muhogo. Wazee wetu walipata funzo hili kwa uchungu. Burma ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, mchele uliokuwa ukija kwetu kutoka huko ulikatika na chakula kikagaiwa kwa kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kikapita tena kwenye uhaba wa mchele. Mara zote mbili watu waliishi kwa muhogo, viazi, majimbi na shelisheli. Muhogo haupiti Malindi.

Sasa ihtikari, jambo ulilolitaja kwa hofu, na nakuheshimu kwa hofu hiyo. Mimi si mwanachuoni, na kwa hukumu yenyewe muulize sheikh wako. Ninaloweza kusema ni tofauti inayoonekana bohari. Mwenye ihtikari huzuia chakula watu wakiwa wanakihitaji, ili bei ipande ndipo auze. Akiba ninayokueleza hujengwa wakati wa neema, polepole, bila kumnyima mtu, na wakati wa dhiki ndiyo inayofunguliwa. Kila siku ya dhiki inapungua. Ukiona katikati ya uhaba bohari lako halipungui, jiulize upya siku hiyohiyo.

Na wateja wasidhani umeficha, waoneshe. Utaratibu wa kugawa upangeni sasa na wenye maduka wako, mkiwa mmekaa barazani na kahawa: kukiwa na upungufu, kila mmoja atapata kiasi cha wastani wake wa kawaida na si zaidi, hata akija na fedha taslimu mkononi. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Habari ya upungufu ikienea, mwenye duka aliyezoea polo mbili atataka sita, na hesabu yetu yote ya siku 19 itayeyuka kwa siku nane. Andika bei na idadi ya polo zilizobaki kwenye ubao mlangoni, ubadilishe kila asubuhi. Mtu anayeona namba inashuka siku kwa siku hana sababu ya kusema umeficha.

Serikali ina wajibu wake. Mwaka 2011 Zanzibar ilipitisha sheria ya uhakika wa chakula na lishe, na hifadhi ya chakula ya nchi ni jambo ambalo wafanyabiashara mna haki ya kuliuliza kupitia jumuiya zenu, khasa ni kiasi gani cha hifadhi hiyo kinakaa upande huu wa mkondo. Visiwa vina watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, na zaidi ya robo yao wako Pemba. Mchele wa dharura uliowekwa Unguja, kwa mtu wa Konde, bado una safari ya bahari mbele yake.

Akiba yenyewe usiijenge kwa mkupuo. Kila mzigo unaoingia, acha polo 20 za ziada zisiuzwe. Ukipokea mzigo kila siku sita, katika mizigo 19 utakuwa umefika 380, yaani chini ya miezi minne, kwa faida yako mwenyewe au kwa mtaji kidogo usioingia riba. Panga ukamilike kabla ya kusi, na ukikaribia Ramadhani usijenge, maana mwezi huo watu wanahitaji kila polo lililopo na bei huwa imeshapanda. Kumbuka Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikufai.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Tafuta muuzaji wa Tanga, agiza polo kumi, na kwenye daftari andika tarehe mbili: ya siku uliyopiga simu na ya siku uliyotia mkono ndani ya polo la kwanza bohari kwako. Ukishakuwa na tarehe za safari tatu niandikie tena, ili namba 6 na 25 za Unguja tuziweke pembeni mwa namba za Tanga na turudie hesabu ya sakafu.